Mji Usio na Lakini

Jua lilisimama juu ya mji siku tangazo lilipotolewa, likakataa kusogea. Lilikuwa jua la asubuhi, la saa ile ambayo Bibi Mwanakheri huteremsha birika la kwanza la chai na kutumbukiza sambusa kwenye mafuta, na Tausi, mjukuu wake, hupuliza makaa huku ameinamisha uso ili wateja wasimsemeshe. Tangu hapo haukuja mchana wala jioni. Watu walilala walipochoka, wakaamka walipokinai kulala, na kila walipoamka ilikuwa asubuhi ileile na mpiga mbiu yuleyule anapita na maneno yaleyale:

"Kila kilichotoka nje kitarudishwa. Atakayemaliza kurudisha, huyo ni mwenyeji na atabaki. Atakayekutwa ameshika cha watu, atatoka nacho mlangoni."

Mji wenyewe haukuwa na jina. Ulikuwa katikati ya bara kubwa, pale ambapo njia ya hariri kutoka Uchina inakutana na njia ya ngamia wa Uajemi, na njia ya viungo inapanda kutoka Bara Hindi, na njia ya farasi inashuka kutoka nyika za kaskazini ambako watu huzaliwa, huoana na kuzikwa bila kujenga ukuta. Watu walikuwa wamepita hapo muda mrefu mno, hata haikujulikana tena nani alipita na nani alisimama. Waliosimama waliitwa wenyeji. Tofauti ilikuwa hiyo tu. Mwenyeji alikuwa mpita njia aliyechoka, akaweka mzigo chini, akasahau kuwa aliubeba.

Tausi alizaliwa katika mji huo, na hata hivyo tangu apate akili alikuwa akiulizwa, "Kwenu wapi?" Aliulizwa kisimani, aliulizwa harusini, aliulizwa na watoto ambao yeye ndiye aliyewafundisha kutembea. Rangi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya majirani na nywele zake zilikataa shanuo lao. Swali lile lilimwingia mwilini kama unyevu unavyoingia ukutani: halikumwangusha, lilimbabua taratibu. Alichotaka duniani ni siku moja tu apite sokoni bila mtu kumuuliza kitu.

Bibi yake hakumsaidia. Akiulizwa kwao wapi, leo atasema bibi yake mwenyewe alichukuliwa kutoka nchi ya watu weusi, akavushwa mpaka Bara Hindi, na kitu pekee alichokataa kuachana nacho ni ngoma. Kesho atasema yeye mwenyewe ndiye aliyetembea kutoka Uchina na majani ya chai kifuani. Keshokutwa atasema alijifunza kukunja sambusa kwa mama mmoja wa Kiajemi, ukutani mwa mji ambao ulishakuwa vumbi kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

"Bibi, una miaka mingapi wewe?" wateja walimuuliza wakicheka.

"Mmoja mmoja, kama ya kwenu. Kunywa, inapoa."

Sentensi moja ya bibi ilikuwa na watu wa nchi nne ndani yake, wote wanasukumana kutoka. Tausi alikuwa akisikia masikio yake yanawaka.

"Bibi, sema kama watu," alimnong'oneza siku moja.

"Watu gani, mke mwenzangu?" bibi akauliza kwa sauti, mbele ya wateja wote, maana hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani. "Nitajie nikawaige."

Wateja waliangua kicheko. Tausi aliangalia makaa.

*

Mizani iliwekwa uwanjani. Ilikuwa ya shaba, yenye sahani mbili pana, na nyuma yake alikaa Mpimaji, kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, sauti ya mtu anayekufungua bandeji kidondani. Mtu alisimama mbele yake, akataja kitu alichokuwa nacho. Kama kitu kile kilitoka nje, sahani ilizama yenyewe. Mtu akafungua kinywa, neno likamdondoka sahanini kama jino bovu, na kuanzia hapo hakuwa nalo tena, wala yeye wala mji.

Neno la kwanza kurudishwa lilikuwa "lakini". Mpimaji alieleza kwa adabu kuwa lilikuja kutoka Arabuni, likakaribishwa, na sasa limekaa kupita kiasi. Mzee mmoja alilitema. Lilikuwa dogo, lenye ncha, kama mwiba wa samaki. Hakuna aliyelisikitikia. Lilikuwa neno la wabishi.

Baada ya hapo watu walitaka kupinga mambo mawili matatu, wakafungua vinywa, wakakuta njia imezibwa. Walisema, "Ni kweli unavyosema..." kisha wakasubiri kitu kilichozoea kuja hapo. Hakikuja. Wakafunga vinywa, na kwa kuwa hawakuwa na cha kuongeza, ikahesabiwa kuwa wamekubali.

Likafuata "dirisha". Lilitoka Uajemi. Lilipoanguka sahanini ukasikika mlio mji mzima, kama watu wengi wanavuta pumzi kwa pamoja, na kuta zikajifunga. Watu waliokuwa ndani wakichungulia nje walijikuta wanatazama udongo. Kisha likatolewa jina la yale majani ya kuchemsha ambayo mji mzima ulikuwa ukianzia nayo siku, na birika zote zikabaki na maji ya moto tu. Watu walikaa wakiyanywa, wanatazamana, wanajua kuna kitu wanakumbuka na hawajui ni nini.

Mzee Tursuni, mfumaji zulia, jirani yao wa ukuta mmoja, alileta zulia lililochukua ujana wake wote. Mpimaji aliligusa kwa heshima. Mawingu haya yaliyojikunja ni ya Uchina, alisema, yavute. Mzee akayavuta, uzi kwa uzi. Maua haya ni ya bustani za Uajemi. Akayavuta. Hizi pembe za kondoo ni za watu wa nyika, na wekundu huu ni wa mizizi iliyopandwa kwanza mahali pengine. Mzee alivuta na kuvuta, na mwisho mikononi mwake palibaki mkao wa vidole, vidole vilivyopinda kama bado vimeshika.

"Sasa hicho ndicho chako," Mpimaji alimwambia. "Hongera."

Mzee Tursuni alilia. Watu waligeuza nyuso. Tausi, aliyekuwa kwenye foleni na bibi yake, aliona kitu kingine. Kila mtu mpya alipofika mbele, Mpimaji alimwambia "Karibu", na kila aliposema hivyo sahani ya mizani ilitetemeka ikitaka kuzama, kama kwa neno lolote la nje. Aliposema "serikali" kidogo izame kabisa. Na kila mara kidole gumba cha Mpimaji kilikuwa tayari chini yake, kinaishikilia juu, bila haraka, kama mtu anayezuia mlango usipigwe na upepo.

Tausi alikiona kidole kile. Angeweza kusema. Alijiambia huenda ameona vibaya. Alijiambia watu wengine pia wana macho. Aibu ya kwanza ya siku ile ilikuwa hiyo, na ilikuwa ndogo, akaimeza kama punje ya mchele.

Ikafika zamu yao.

"Karibu, mama," alisema Mpimaji, kidole kikifanya kazi yake. "Umekuja kurudisha nini?"

Bibi Mwanakheri alipenga kamasi, akajifuta na ncha ya mtandio. "Mimi nimekuja kuangalia. Nasikia kuna shaba nzuri hapa."

Watu wachache walicheka. Mpimaji pia alitabasamu.

"Mama, umebeba vingi. Mapishi, mavazi, nyimbo. Hata kicheko chako kimetoka mahali. Virudishe, upumzike."

"Nimrudishie nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe walinipa kwa mikono yao, na mimi nikawapa vya kwangu. Yule mwanamke aliyenifundisha kukunja unga, nilimwachia wimbo wa kumlaza mtoto. Nikimrudishia mkunjo wake, mwanawe atalala na nini? Mwenyewe akija kudai nitampa. Mpaka sasa hajaja. Amekuja mtu wa mizani."

"Basi utatoka navyo mlangoni."

"Nitatoka. Si mara ya kwanza." Akakaza fundo la mtandio. "Mjukuu wangu, twende."

Mpimaji alinyanyua mkono taratibu. "Yeye ajisemee." Akamgeukia Tausi, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Dada, wewe umezaliwa hapa. Huna kosa. Umebaki na kitu kimoja tu. Huyu mzee, unamwitaje?"

"Bibi."

Sahani ilizama kwa kishindo, ikagonga jiwe.

"Unaona," alisema Mpimaji. "Nalo lilitoka Uajemi. Ukilitoa wewe ni mwenyeji kuanzia leo, na hakuna atakayekuuliza kwenu wapi. Ukilishika, mtatoka wote."

Tausi hakumtazama bibi yake. Alitazama miguu ya bibi, viatu vya ngozi vilivyoliwa kisigino upande mmoja, na kwa kitambo kile alivichukia. Alivichukia kwa jinsi vilivyotembea. Akafikiria kupita sokoni bila kuulizwa. Akafikiria kimya hicho, kitamu kama maji.

"Ni nani wako huyu?" Mpimaji aliuliza tena.

"Mimi..." alisema Tausi. "Mimi nanunua kwake tu."

Akafungua kinywa na neno likadondoka. Halikuwa kama mwiba wala jino. Lilikuwa na joto, la duara, limelainika kwa kushikwashikwa, na lilipotua sahanini halikutoa sauti yoyote.

Yule mzee mwenye mtandio alinyanyua mzigo wake. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama muuzaji anavyoagana na mteja.

"Haya, mwenye nyumba," alisema. "Ubaki salama."

Akatoka mlangoni na birika lake na karai lake, na zile nchi nne zikamfuata mdomoni.

*

Hakuulizwa tena kwao wapi. Hilo lilitimizwa. Alipita sokoni na watu walimsalimia kwa kichwa, maana salamu zenyewe zilikuwa zimerudishwa. Alikaa ndani ya chumba kisichokuwa na tundu la kutazamia nje, akanywa maji ya moto, akawa mwenyeji.

Alijaribu kumkumbuka yule mzee na akakuta anaweza kumkumbuka mzima: harufu ya moshi kwenye mtandio, kidole kilichoungua zamani na kubaki bila kucha. Hakuweza kumwita.

Nimwite nani. Mama wa mama. Hayo ni maelezo, na mtu haitwi kwa maelezo. Ukimwona mtu anatumbukia shimoni hupati muda wa kueleza amemzaa nani. Yule mzee. Wazee ni wengi. Yule anayeuza. Yule ninayenunua kwake. Nanunua kwake tu. Nanunua kwake tu. Nilisema kwa kinywa hiki. Kinywa hiki alikilisha yeye. Alitafuna kwanza, akanitilia. Nanunua kwake tu. Nilimlipa nini?

Ukutani, pale palipokuwa zamani na uwazi, udongo ulianza kuonyesha vitu. Au ni macho yake yaliyoanza. Alimwona msichana mdogo kuliko yeye anatembea njiani, amevaa viatu vilevile vilivyoliwa kisigino, na Tausi alijua ni nani, ingawa msichana yule alikuwa hajawa mzee wa mtu yeyote. Katika kila mji mtu alitoka mlangoni akamtia kitu mkononi. Mmoja alimpa jani. Mwingine alimpa namna ya kukunja unga pembe tatu. Mwingine alimfundisha kufunga nguo ili upepo wa jangwani usiingie. Naye hakumwacha mikono mitupu yeyote aliyempa: aliacha mdundo wa ngoma, akaacha jina ambalo mtu atampa mwanawe, akaacha namna ya kucheka ukiwa umeweka mkono kiunoni. Hawakuandikiana. Hawakuahidiana. Waliachana, kila mmoja akaenda kumpa mwingine.

Tausi alifuata mikono ile kurudi nyuma. Alitaka kuuona mkono wa kwanza, ule uliotoa bila kupewa, ili amjue mwenye mali. Aliyetoa jani alikuwa amelipata kwa mvunaji wa mlimani, na mvunaji alionyeshwa mti na mkimbizi wa vita, na mkimbizi alilijua jani lile kwa mama yake, ambaye naye aliletwa kuolewa kutoka ng'ambo ya mto. Hata wale waliosema wamekaa palepale tangu milima iwe midogo, ukitazama vizuri walikuwa na vumbi miguuni. Akaenda nyuma mpaka nyuso zikaisha, ikabaki mikono mitupu kwenye giza, inapokezana, na wa kwanza hakuwepo.

Kama wa kwanza hayupo, vile vinavyotupwa sahanini anarudishiwa nani?

Akatoka kwenda uwanjani kutazama. Nyuma ya mizani palikuwa na lundo. Maneno yote ya mji yalikuwa pale, yamefunikwa na vumbi, kuku wanayachakura. Hakuna mtu kutoka Uajemi aliyekuja kuchukua. Hakuna aliyekuja kutoka popote.

Uso ulimwaka moto, tangu kidevuni hadi kwenye mashina ya nywele. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono miwili, akitafuta kile cha duara chenye joto. Yote yalikuwa baridi, yote yalifanana, na hakuweza kuuliza lipi ni lipi, maana la kuulizia ndilo lililopotea.

"Nilijua utakuja," alisema Mpimaji nyuma yake. "Kuna kitu kimebaki kwako. Mizani hailali."

"Nimeshatoa vyote."

"Hicho kinachokuunguza uso. Hata chenyewe ni cha nje, kilikuja kutoka Arabuni na jina lake. Aibu." Alilitamka kwa upole sana, na kidole chake kikanyanyua sahani. "Ni neno la mwisho katika mji huu. Hili kila mtu hulitoa la kwake, na wenzako wote wameshalirudisha. Mtazame jirani yako."

Mzee Tursuni alikuwa amekaa kwenye kibaraza, miguu imenyooshwa, uso mkunjufu kwa raha.

"Mzee Tursuni," Tausi aliita. "Zulia lako..."

"Zulia gani, binti?" akasema mzee, kwa uchangamfu. "Mimi sijawahi kufuma. Hebu ona vidole hivi, vimepinda tu, sijui kwa nini." Akacheka. Akavigeuza juani, kama mtu anayetazama bidhaa ya mwenzake.

"Unaona alivyo mwepesi?" Mpimaji alisema. "Toa, dada. Utalala vizuri. Hutamkumbuka tena huyo uliyekuwa ukinunua kwake."

Tausi aliifungua mikono, na aibu ilikuwa humo kweli, katikati ya kiganja cha kulia, moto mtupu. Na Tausi aliijua. Si mara ya kwanza kushika kitu cha namna ile. Alipokuwa mdogo yule mzee alimtia mkononi sambusa iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, na yeye akapiga kelele akitaka kuitupa. Yule mzee akamfunga kiganja kwa vidole vyake vilivyozoea moto. Shika, alimwambia. Itapoa humohumo mkononi. Ukiitupa italiwa na mbwa, na mkono utauma vilevile.

Akafunga vidole.

"Hii siitoi," alisema.

"Basi wewe ni mgeni."

"Ndiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ilisikika na Mpimaji peke yake. "Na hicho kidole chako je?"

Mpimaji alikitazama kidole chake kilicho chini ya sahani. Hakushtuka, hakukiondoa. Alitabasamu vilevile. Yeye aibu yake aliirudisha zamani, kabla ya watu wote.

*

Nje ya mlango wa mji jua lilikuwa limeshapita kichwani na vivuli vilikuwa vinarefuka. Kitu cha kwanza alichokisikia Tausi kilikuwa ugomvi.

"Lakini mimi nilikuwa mbele yako!"

"Lakini mama, una watoto wangapi, kila mmoja anachukua mbili?"

"Lakini huyu analia, humwoni?"

Alisimama akawasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Wote waliotolewa walikuwa pale, na njia ilikuwa inaleta wengine, na chini ya ukuta mtu alikuwa ameshajenga kibanda cha miti chenye dirisha kubwa kuliko mlango. Harufu ya chai ilikuwa imejaa. Yule mzee alikuwa nyuma ya karai lake, anakunja, anatumbukiza, anatukana moshi kwa lugha nne.

Tausi hakuwa na namna ya kumwita. Akapanga foleni.

Ilimchukua muda. Walio mbele walibishana, walicheka, waliondoka wakipuliza vidole. Alipofika, yule mzee hakunyanyua macho.

"Chai au sambusa, mwenye nyumba?"

Tausi alifungua kinywa. Palikuwa na mahali pa neno, pazuri, palipochongeka kwa miaka yote, na hapakuwa na neno. Alinyoosha mkono tu, akafungua kiganja. Katikati kilikuwa chekundu.

Yule mzee alikitazama kiganja kile. Akachukua sambusa iliyokuwa bado inachuruzika mafuta, akaiweka palepale kwenye wekundu. Tausi aliuma meno. Hakuitupa.

"Inaunguza?"

"Inaunguza."

"Pisha wenzako."

Akapisha. Hakwenda mbali. Alizunguka nyuma ya karai, mahali pake pa zamani penye makaa, akachuchumaa. Mwanamke aliyekuwa anafuata kwenye foleni, mgeni wa jana, mwenye mtoto mgongoni, aliwatazama wote wawili, nyuso zao, vipaji vyao vya uso vilivyofanana.

"Binti huyu ni nani wako, bibi?" aliuliza.

Neno lile lilitoka kinywani mwa mwanamke yule bila shida yoyote, neno tu, kama la mtu yeyote. Tausi alilisikia likipita juu ya kichwa chake.

Yule mzee alikunja unga pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaubana ukingo kwa kidole kisicho na kucha.

"Huyu?" alisema. "Ananunua kwangu tu."

Uso wa Tausi uliwaka upya, tangu kidevuni hadi kwenye mashina ya nywele, na safari hii hakuuficha. Makaa yalikuwa yanazimika. Aliinama akayapuliza, na majivu yakamrukia machoni, akaendelea kupuliza. Kisha kitu kikamgusa goti. Yule mzee, bila kugeuka, akiwa bado anaongea na mwanamke yule habari za bei ya unga, alikuwa amemsogezea kipepeo cha kupepea makaa kwa ncha ya kiatu chake kilicholiwa kisigino.